Kwa nini ndege ya bawa la chini haivuti matangi mawili kwa pamoja

Mkuu, umeuliza kwa nini valvu ya mafuta ya Piper Cherokee ina kushoto, kulia na kufunga basi, wakati Cessna 172 inaweza kufungua matangi yote mawili kwa wakati mmoja, na kama kuna ubaya ukiweka valvu ya aina hiyo ya Cessna kwenye ndege ya bawa la chini unayoijenga. Ubaya upo, tena mkubwa. Nimejenga ya kwangu na nilikosea mahali pawili, na mtafunwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka.

Kwenye Cessna matangi yako juu ya kichwa cha rubani. Mafuta yanashuka yenyewe hadi kwenye kabureta, na tangi moja likikauka, la pili linaendelea kushuka kama kawaida. Kwenye bawa la chini mafuta yako chini ya injini, lazima yavutwe. Sasa chukua mirija miwili, mmoja utie kwenye soda, mwingine uache nje ya glasi, halafu uvute yote kwa pamoja. Soda haipandi, unameza hewa tu. Ndivyo itakavyokuwa siku tangi la kulia litakapokauka huku la kushoto lina lita 60: injini itazimika na mafuta unayo. Kanuni za Marekani za ndege ndogo, ile Sehemu ya 23, kwa miaka mingi zilitaka pampu isivute kutoka zaidi ya tangi moja kwa wakati mmoja, au basi pawe na njia ya kuzuia hewa isiingie.

Kuna waliolikwepa tatizo kwa ujanja. Ercoupe ni bawa la chini, lakini pampu ya injini inapandisha mafuta kutoka mabawani hadi kwenye kitangi kilicho mbele ya rubani, na kutoka hapo yanashuka yenyewe kwenye kabureta; yakizidi yanarudi bawani. Binafsi naupenda mpango ule, maana pampu ikifa bado una muda wa kutafuta pa kutua. Ila kukaa na petroli mbele ya magoti si kila mtu atakubali.

Kosa langu la kwanza lilikuwa pampu ya umeme. Niliifunga juu, ndani ya boneti, kwa sababu palikuwa na nafasi na nyaya zilikuwa karibu. Pampu hizi zinajua kusukuma kuliko kuvuta. Kuinua petroli ya ndege mita moja tu kunapunguza shinikizo ndani ya bomba kwa takribani kilopaskali 7. Usawa wa bahari hewa ina kilopaskali 101, hutaona tofauti. Kwenye futi 10,000 zimebaki kama 70. Toa hizo 7, toa na za chujio na kila kona ya bomba, halafu kumbuka petroli yenyewe ikifika nyuzi 38 ina shinikizo la mvuke la kilopaskali 38 hadi 49, na shinikizo la bomba likishuka hadi hapo inachemka. Bomba likipita karibu na ekzosi likapata moto zaidi ya nyuzi hizo, mafuta yanachemka humo humo na pampu inabaki kuhangaika na mvuke. Petroli ya gari ndiyo mbaya zaidi, inachemka mapema. Niliishusha pampu hadi sakafuni, jirani na selekta, yaani ile valvu ya kuchagua tangi.

Kosa la pili lilinila wiki tatu. Injini za Lycoming za kabureta zinataka mafuta yaje kwa shinikizo la psi 0.5 hadi 8 (psi moja ni kama kilopaskali 7). Geji yangu ilikuwa inasoma 4, inashuka 2, inarudi 4, na kadiri tangi lilivyopungua ndivyo ilivyozidi kucheza. Injini inakohoa mara moja, inatulia. Nikapita kila nati na tochi, nikapangusa kila kiungio kwa karatasi nyeupe nikitafuta ile rangi ya buluu ya petroli ya ndege. Hakuna hata tone. Nilikuwa nasahau kwamba upande wa kuvuta, shinikizo la ndani ni dogo kuliko la nje, kwa hiyo penye tundu hapatoki mafuta, panaingia hewa. Pabovu panakuwa pakavu kabisa! Mwisho nilitenga bomba na tangi (usijaze tangi upepo, litavimba), nikaziba upande mmoja, nikatia kama psi 2 kwa pampu ya baiskeli, nikapaka povu la sabuni. Likaanza kutoa mapovu kwenye shina la selekta. Oringi ya ndani, ile pete ya mpira ya kuzuia kuvuja, ilikuwa na mkato mwembamba kama unywele.

Kabla hujaruka, inua pua ya ndege kama inavyokaa wakati wa kupaa, acha mafuta kidogo tangini, kisha pima pampu inatoa kiasi gani. Inatakiwa asilimia 125 ya kile injini inachokunywa kwenye nguvu zote. Injini ya nguvu farasi (hp) 160 ihesabie lita 55 kwa saa, kwa hiyo unatafuta kama lita 69, yaani lita 1 na robo hivi kila dakika moja na sekunde tano. Pima kila tangi peke yake.

Selekta yenyewe iweke mahali unapoiona na kuifikia bila kujipinda. Long-EZ, ndege ndogo ya kujijengea, aliyoanguka nayo mwanamuziki wa Marekani John Denver mwaka 1997 ilikuwa na mkono wa selekta nyuma ya bega la kushoto, na wachunguzi walihitimisha kuwa alikanyaga pedali ya usukani bila kukusudia alipokuwa akihangaika nao.

Valvu uliyonunua irudishe kama bado wanapokea, chukua ya kushoto, kulia na kufunga. Halafu tuma picha ya pale ulipopanga kufunga pampu, na upime urefu kutoka sakafu ya tangi hadi hapo.