Sheria za vijiji vya mpakani kwenye ufalme wako wa kubuni

Ndugu, nimekuelewa: mfalme anagawa ardhi mpakani, ila hadithi imekwama maana hujui nani ataamua ugomvi. Anza na sharti. Marekani mwaka 1862 ilitoa ekari 160 kwa atakayeishi na kulima miaka 5. Asiyetimiza, anyang'anywe.

Mimi niliponunua kiwanja Chanika, Dar es Salaam, mjumbe, yaani kiongozi wa mtaa, alipima kwa hatua za miguu, mnazi ukawa mpaka. Mwaka wa pili mnazi ukakatwa usiku. Balaa! Basi mpe mjumbe wako muhuri wa kuamua ugomvi, na mji mkuu uwe mbali, safari ya siku 20, ili kumfikia mfalme kuwe kugumu.

Wenyeji waliokuwepo kabla usiwasahau, msomaji atawaulizia. Ukitaka kunukuu sheria zetu za ardhi, mwone mwanasheria kwanza.