Mama Anaumwa, Misa Zinanipita

*Shangazi, mama yangu amepooza upande mmoja. Mchana niko kazini, usiku namgeuza kitandani. Dominika saba zimepita sijafika Misa, maana sina wa kumwachia. Nikianza Rozari nasinzia hata tendo la pili sijafika. Naona aibu kwenda kuungama. Je, mimi bado ni Mkatoliki?*

Mwanangu, ndiyo. Swali lako la mwisho limeniuma, ndiyo maana nalijibu kwanza. Hukumkimbia Mungu Dominika hizo.

Wajibu wa Misa ni mzito na sitaupunguza. Lakini Katekisimu ya Kanisa, namba 2181, inawaondolea wajibu huo wenye sababu kubwa, na inataja ugonjwa na kulea watoto wachanga. Kumwangalia mama asiyeweza kujigeuza kunaingia humo, sioni ubishi. Hata hivyo usijihukumu peke yako. Mwone paroko umweleze yote. Kanisa limempa mamlaka ya kukuondolea wajibu huo. Ukishafika kwake, ungama pia. Aibu hiyo umeibeba muda mrefu mno.

Mwombe Komunyo iletwe nyumbani. Mama atapokea, nawe unayemuuguza unaweza kupokea pamoja naye. Omba pia Mpako wa Wagonjwa. Wengi huuogopa wakidhani ni wa anayekata roho, kumbe ni wa mgonjwa kama mama yako, apate nguvu na faraja.

Barua yako haikumtaja ndugu hata mmoja. Kama wapo, waambie waziwazi kwamba umechoka. Kama hawapo, mwambie paroko akutafutie mwanaparokia wa kukaa na mama saa mbili tu. Misa ya Jumamosi jioni inatimiza wajibu wa Dominika, kwa hiyo una nafasi mbili za kumpata mtu.

Na huko kusinzia? Mtakatifu Teresia wa Mtoto Yesu, aliyefariki mwaka 1897 akiwa na miaka 24, alikuwa akisinzia kwenye sala. Alijifariji kwamba wazazi huwapenda watoto wao wakilala kama wanavyowapenda wakiwa macho. Mwaka 1997 Papa Yohane Paulo II akamtangaza Mwalimu wa Kanisa, yaani mtakatifu ambaye mafundisho yake yanalifaa Kanisa zima! Wewe sali tendo moja la Rozari, kwa sauti, wakati unamgeuza mama. Naye akiweza, aitikie. Usingizi ukikujia hapo katikati, lala, mwanangu. Usiku huohuo utaamka tena kumgeuza.