Hita ya umeme ndani ya hema: mchawi ni waya

SWALI: Shikamoo fundi. Mwezi wa saba tunakwenda Lushoto, mimi, mke wangu na watoto wawili, na tutalala kwenye hema. Sisi ni watu wa Dar, baridi hatuijui. Mwenye kambi anasema kuna soketi ukutani, kama mita 20 kutoka hemani. Nina hita ya feni ya wati 2000 na ekstensheni ya kuzungusha kwenye roli. Naweza kuiwasha usiku kucha? Shemeji anasema bora jiko la mkaa, au betri ya gari na inveta.

JIBU: Marahaba. Nianze na shemeji. Mkaa hemani, hapana, hata uwe umekolea na hautoi moshi. Huo uliokolea ndio unaowadanganya watu, kwa sababu kaboni monoksaidi, gesi ya sumu inayotoka kwenye mkaa, haina rangi wala harufu, na aliyelala hashtuki. Betri nayo haifiki mbali: ya volti 12 na ampia-saa 70 ina takriban wati-saa 840, hata nusu saa ya hita yako haitimizi. Tena ingebidi itoe ampia zaidi ya 160. Utaamka baridi iko palepale na gari haliwaki.

Sasa hita yenyewe. Wati 2000 kwa volti 230 ni karibu ampia 9. Soketi nzima haina shida na hizo. Shida ni roli lako. Hapa karakana ninalo moja aliloniletea mteja: juu waya unang'aa kama wa dukani, lakini ukivuta, mizunguko ya ndani imeshikana kama kashata. Lilitumika likiwa limezungushwa, joto likakosa pa kutokea. Fyuzi ya ampia 13 haikukatika, na isingekatika, kwani fyuzi hupima umeme unaopita. Joto lililojificha katikati ya roli hailioni. Kwa hiyo fungua waya wote mpaka mwisho, hata kama mita 10 zitabaki nyasini. Kisha soma maandishi yaliyo kwenye ganda lake: nataka milimita za mraba 1.5, yaani unene wa kila uzi wa shaba ulio ndani. Ukikuta 0.75, huo ni wa taa na chaja, usiuchomekee hita.

Nyasi za Usambara alfajiri zimelowa umande chepechepe. Maungio ya plagi yasilale chini, yaingize hemani au yatundike. Waya usipite chini ya mkeka, na zipu ya mlango isiubane. Mwulize mwenye kambi kama soketi ile inalindwa na swichi inayokata umeme ukivuja, ya miliampia 30. Huwa ina kitufe kidogo chenye herufi T. Mwombe akibonyeze mbele yako. Isipokata, mimi nisingechomeka kitu.

Usiku kucha? Hapana. Iweke juu ya ubao, mita moja mbali na nguo, mablanketi na ukuta wa hema, na iwe ile inayojizima ikiangushwa. Soksi za watoto zisianikwe juu yake. Washa nusu saa mkijiandaa kulala, mkiwa macho, halafu zima na uchomoe. Hema halitunzi joto, dakika chache tu limekwisha. Ila baridi inayowatesa watu wa pwani hutoka chini zaidi kuliko hewani: tandika magodoro au mikeka miwili, na kila mtu aingie na chupa ya maji ya moto iliyofungwa kwa kanga.

Kabla hamjaondoka Dar, unganisha kila kitu nyumbani, washa nusu saa ukiwa karibu, zima, chomoa, kisha shika plagi na waya. Vuguvugu si neno. Mkono ukikimbia, ekstensheni hiyo iache nyumbani.