Kabla Hujampa Mwajiri Namba ya Akaunti

Kijana mmoja aliyehamia Minnesota juzi ameniandikia. Kazi keshapata kwenye nyumba ya wazee, sasa mwajiri anataka namba ya akaunti ya kupitishia mshahara. "Dada, nichukue benki gani ya simu? Nataka yenye programu nzuri."

Mdogo wangu, programu nzuri wanazo wote.

Mimi nilikuja huku nikitokea Mombasa, na M-Pesa ilikuwa mkononi mwangu tangu 2007, mwaka ilipoanza. Benki yangu ya kwanza hapa Marekani, ya matawi na foleni, ilinichosha upesi. Ada kila mwezi. Ukinunua kahawa ya dola 3 na salio halitoshi, faini ya dola 35. Nikahamia benki ya simu, na sitasema uongo, niliipenda. Haikuwa na ada ya mwezi. Mshahara wa Ijumaa uliingia Jumatano. Hundi nilikuwa nazipiga picha jikoni, basi, zishaingia. Niliwapigia debe kila harusi na kila kikao, bila kulipwa hata senti.

Kisha tukafiwa, nami nikateuliwa kushika michango, kwa sababu kwa hesabu watu wananiamini, na nastahili. Dola 20, dola 50, dola 100, zikamiminika kutoka majimbo yote. Nilipotaka kulipia ndege ya kusafirisha mwili, akaunti ikafungwa. Kwa mitambo yao, pesa ndogondogo kutoka kwa watu wengi, halafu zinatoka zote kwa mkupuo, ni dalili ya utapeli. Nani angeieleza mashine kwamba huo ni msiba?

Nikafungua chati. Roboti ikanishukuru kwa subira yangu. Nikapiga simu, roboti nyingine. Ilikuwa Ijumaa jioni, na mama wa marehemu ananipigia kutoka Kilifi kuuliza mwili unafika lini. Pesa zilikuja kuachiliwa, marehemu akazikwa, lakini tayari kulikuwa na wanaosema nimekula hela za maiti. Hawajaniomba radhi mpaka leo, na wanajijua.

Kwa hiyo ukiniuliza mteja anataka nini kwenye benki ya simu, nakujibu: mtu wa kuongea naye. Mengine yote yanafuata nyuma.

La pili, jua pesa zako zimelala wapi hasa. Nyingi ya kampuni hizi si benki. Chime, kwa mfano, ni kampuni ya teknolojia. Pesa za wateja wake zinakaa The Bancorp Bank au Stride Bank. Varo nayo ina leseni yake ya benki tangu 2020. Utaambiwa kuna bima ya FDIC, shirika la serikali linalolinda pesa za wateja wa benki, hadi dola 250,000, na ni kweli, lakini bima hiyo inawalipa wateja pale tu benki yenyewe inapokufa. Mwaka 2024 iliyokufa ni Synapse, kampuni ya katikati iliyounganisha programu na benki. Watu zaidi ya 100,000 walifungiwa pesa zao, na vitabu vya hesabu havikulingana. Benki haikufa, kwa hiyo bima haikuwalipa.

Ndiyo maana nasema uwe na akaunti mbili. Moja ya simu, ya matumizi. Nyingine kwenye sacco za huku, wenyewe wanaziita credit union, zenye tawi na dirisha na mama anayekujua kwa jina. Nazo zina bima yao, ya NCUA, shirika la serikali la kusimamia sacco hizo, dola 250,000 vilevile. Na michango, tafadhali, iwe na akaunti yake mwenyewe. Usichanganye na mshahara wako hata kama unaaminika kama mimi.

Usiniambie basi utakaa na keshi. Tangu 1 Januari 2026, ukituma pesa nje ya Marekani kwa keshi unakatwa kodi ya asilimia 1. Ukituma kutoka akaunti ya benki au kadi ya benki ya hapa, hukatwi. Wazee wa keshi chini ya godoro, mmesikia?

Jina la benki sikutajii. Tafuta namba yao ya huduma, piga Jumapili usiku, kabla hujawapa mshahara wako. Akipokea mtu, fungua.