Maoni ya mji wa mpakani: unaanzia wapi?

Dada, umeuliza kama mkazi wa Namanga upande wetu wa Tanzania anaweza kusema neno kuhusu mipango miji ya Namanga ya Kenya. Kwa sheria, kila upande una wake. Huku ni Sheria ya Mipango Miji ya 2007 na halmashauri ya Longido. Kule ni Kaunti ya Kajiado, na Katiba yao ya 2010, kifungu cha 196, inalilazimisha bunge la kaunti kushirikisha wananchi. Haikutaji wewe Mtanzania.

Lakini usikate tamaa mapema. Mvua ikinyesha, maji na taka havipiti uhamiaji. Kwa hiyo peleka hoja ya mifereji au dampo kwenye mkutano wa hadhara wa mtaani kwako, hakikisha imeandikwa kwenye muhtasari, kisha mbane diwani aibebe Longido. Wakati huohuo wenzenu wa ng'ambo, wafanyabiashara mnaouziana kila siku, wapeleke hoja hiyohiyo kwa mwakilishi wao wa wadi. Barua mbili zinazosema jambo moja ni ngumu kuzipuuza.

Wenzetu wamefika mbali: Haparanda ya Sweden na Tornio ya Finland, miji miwili inayopakana, wana mtambo mmoja wa kusafisha maji taka. Sisi kituo cha pamoja cha forodha tunacho tangu 2018, ila hicho ni cha malori na mihuri. Makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki yako hapahapa Arusha, na Mkataba wake, ibara ya 7, unataka ushirikiano unaomlenga mwananchi. Itajeni kwenye barua.