App nne, mshahara mmoja

Pole sana buda, umesema una deni za app nne za mkopo na mshahara ni mmoja, hiyo ya kukopa app moja ulipe ingine naijua, mimi zilikuwa tano na nilikuwa nazima simu nikifika stage juu ya wadai kupiga. Wacha kukopa kwanza, hata Fuliza, ile overdraft ya M-Pesa, juu pesa ikiingia M-Pesa inakatwa kabla uione. Andika deni zote kwa karatasi, maliza ile ndogo, wenye app zingine wapigie mapema uombe kulipa pole pole kabla wakupeleke CRB, wale huweka rekodi ya wasiolipa deni. Lakini rent na unga kwanza. Wakianza kusumbua mamako na bosi, hiyo imekatazwa tangu sheria za Benki Kuu (CBK) za 2022, ripoti kwa Kamishna wa Data, yule analinda data za watu. Na shailoki wa mtaa, yule hukopesha na riba kubwa, usimguse, alibeba TV ya jirani yangu mchana.