Rangi Uipendayo Iweke Pale Mkono Unapofika

Mimi ni mtu wa zambarau. Nikiingia mahali pana kitu chochote cha rangi hiyo, hata kifuniko cha chupa, jicho langu hukiona kabla halijaona watu. Imekuwa hivyo tangu utotoni na sijaona sababu ya kuiacha.

Nina hakika wewe pia unayo yako. Watu wengi wakiulizwa rangi waipendayo hujibu bila kusita: kijani iliyokolea, rangi ya chungwa, samawati. Lakini tazama vitu walivyonavyo. Kalamu nyeusi, taulo la kijivu, kava la simu lisilo na rangi, mswaki uliochukuliwa tu kwa sababu ndio uliokuwa mbele. Rangi yenyewe wameiahirisha. Wanasubiri siku watakapopaka kuta, watakapobadilisha makochi, watakapokuwa na nyumba yao wenyewe.

Ushauri wangu ni kwamba usisubiri ukuta. Raha ya rangi inakaa zaidi kwenye vitu vidogo vinavyoguswa kila siku: kalamu, kitana, kamba za viatu, soksi, kishikio cha funguo, kikombe cha asubuhi. Ukuta unautazama ukiwa umekaa mbali. Kikombe unakishika kwa mikono miwili.

Ipo sababu nyingine, nayo ni jicho lenyewe. Kata kipande cha karatasi ya rangi uipendayo, kikodolee macho kwa nusu dakika bila kuyahamisha, kisha tazama karatasi nyeupe. Utaona umbo lilelile likielea, ila kwa rangi iliyo kinyume. Kwa zambarau mimi huona manjano inayoelekea kijani. Seli za jicho zilizokuwa zikifanya kazi zimechoka, na zile zilizopumzika ndizo zinazosikika. Ndivyo jicho lilivyo: linazoea haraka, na kile lililokizoea linakipunguzia makali. Ukijizungushia rangi moja pande zote, baada ya muda huioni tena. Kitu kimoja cha zambarau katikati ya vitu vya rangi nyingine hakizoeleki upesi hivyo, kwa sababu kila ukigeuza shingo unakikuta upya.

Kwa hiyo anza na vitu vinavyokwisha. Sipendi kumwambia mtu atupe kitu kizima eti hakina rangi yake. Subiri kalamu iishe wino, mswaki uchakae, sabuni ibaki kipande, ndipo unapobadilisha uchukue cha rangi yako. Mabadiliko haya huja polepole, na kila kimoja unakipokea peke yake na kukifurahia. Ukinunua vyote kwa mkupuo unapata mzigo wa vitu, si raha ile.

Kalamu ndiyo ninayoitetea kuliko vyote. Wino wa zambarau ni anasa ndogo isiyomsumbua mtu yeyote, na inabadilisha hata orodha ya kazi za siku. Pia una jambo ndani yake. Chukua tishu nyeupe, weka nukta nene ya wino wa kalamu ya maji katikati, kisha dondoshea tone moja la maji juu ya nukta hiyo. Subiri. Maji yanaanza kutambaa kuelekea pembeni yakiwa yamebeba wino, na wino mwingi wa zambarau hugawanyika njiani: pete ya waridi huku, pete ya buluu kule, na katikati yake utando mwembamba ambao bado haujaachana. Kila wino unafungua mpangilio wake. Nimebandika tishu kadhaa za namna hiyo kwenye kurasa za nyuma za daftari langu, na huwa nazirudia kuzitazama. Fanya hivyo kwa rangi yako, hasa kama ni kijani, kahawia au nyeusi, maana nazo mara nyingi huwa zimeficha wenzao ndani.

Simu nayo itakufundisha. Fungua picha yenye zambarau nyingi, ongeza mwanga hadi mwisho, kisha chovya ncha ya kidole majini na uache tone dogo uwezavyo lishike kwenye kioo. Tone hilo linakuza kilicho chini yake. Sogeza jicho karibu: utaona vitone vyekundu na vitone vya buluu vimepangwa bega kwa bega, huku vya kijani vikiwa vimefifia. Zambarau huioni popote. Inatokea pale tu unapoondoa tone na kurudi nyuma. Nilipoliona hilo kwa mara ya kwanza niliipenda rangi hii zaidi, kwa kuwa nilielewa kwamba haina wimbi lake lenyewe la mwanga. Nyekundu inalo, kijani inalo, buluu inalo, hata urujuani ulio ukingoni kabisa mwa upinde wa mvua unalo. Zambarau huonekana mawimbi marefu ya wekundu na mafupi ya buluu yanapofika jichoni pamoja, na yale ya katikati yakawa machache. Ubongo ndio unaoyaunganisha.

Nakushauri ujue na historia ya rangi yako, hata kwa juu juu, kwa sababu kitu kidogo kilichoko mkononi kinapata uzito. Zambarau ya kale ilitoka kwa konokono wa baharini, na mji uliosifika kwayo ni Tiro, katika nchi tunayoiita leo Lebanoni. Ute wa konokono hao hautoki ukiwa zambarau. Hutoka umepauka, kisha hubadilika rangi ukipata hewa na mwanga. Mwaka 1909 mkemia Paul Friedländer alitumia konokono 12,000 kupata gramu 1.4 tu za rangi hiyo. Ndiyo maana ilibaki kwenye mavazi ya watawala. Kisha mwaka 1856, jijini London, kijana wa miaka 18 aitwaye William Henry Perkin alikuwa akijaribu kutengeneza kwinini kutokana na kemikali za lami ya makaa ya mawe. Akapata mashapo meusi yasiyo na kazi. Alipoyayeyusha kwa spiriti, yakatoa zambarau. Alipata hataza, yaani haki ya kisheria ya kumiliki uvumbuzi wake, mwaka huohuo, akafungua kiwanda, na ndani ya miaka michache tu nguo za rangi hiyo zilikuwa zimeenea mitaani. Kila ninapofunga kamba za viatu vyangu za zambarau huwa nashukuru kwamba nimezaliwa upande huu wa mwaka 1856.

Sasa kuhusu kununua, maana hapa watu wengi hukata tamaa. Rangi unayoiona chini ya taa za dukani si lazima iwe rangi utakayoifikisha nyumbani. Taa za njano za mtindo wa zamani zina mwanga mdogo wa buluu, na zambarau chini yake huegemea wekundu, wakati mwingine hata ukahawia. Vitambaa viwili vinaweza kulingana kabisa ndani na kutofautiana vikitolewa nje, kwa kuwa vimetiwa rangi kwa kemikali tofauti. Peleka kitu mlangoni au dirishani, ukitazame kwa mwanga wa mchana, ndipo uamue. Ukiweza, kitazame pia jioni jua likishazama: katika mwanga hafifu macho yetu hupoteza wekundu mapema kuliko buluu, na zambarau iliyokuwa na joto mchana hupoa na kusogea upande wa buluu. Mimi hununua kwa kufuata ile ya mchana, ila ile ya jioni ndiyo inayonifanya nisichoke nayo.

Kabla ya hapo, ijue rangi yako kwa undani. Kusema zambarau tu hakutoshi. Ipo inayoelekea waridi, ipo iliyokaribia weusi, ipo iliyopauka mpaka inafanana na kijivu chenye aibu. Weka bahasha ndogo ya vipande: uzi, ganda la pipi, kipande cha gazeti, petali iliyokaushwa, lebo ya nguo. Vikishakuwa vingi vimwage mezani uvipange. Utagundua kwamba mkono wako unarudi kwa vichache tu kati yake. Hivyo ndivyo vyako, na kuanzia hapo hutadanganyika na kila kitu chenye jina la rangi yako.

Zingatia pia majirani. Michel Eugène Chevreul, mkemia Mfaransa aliyesimamia utiaji rangi katika karakana ya ufumaji ya Gobelins jijini Paris, aliletewa malalamiko kwamba rangi nyeusi iliyotumika kwenye vivuli vya vitambaa vya buluu na urujuani ilikuwa dhaifu. Aliichunguza, akakuta nyeusi haina kasoro. Kilichoidhoofisha ni rangi zilizokaa kando yake. Kitabu chake cha mwaka 1839 kimejengwa juu ya jambo hilo: rangi mbili zikikaa pamoja, kila moja hubadilisha jinsi mwenzake anavyoonekana. Kwa hiyo daftari lako la zambarau ukiliweka juu ya meza ya mbao yenye unjano litawaka. Ukiliweka juu ya kitambaa cheusi litatulia. Ukiliweka kando ya waridi litaonekana la buluu zaidi. Kabla hujanunua kitu kingine, hamisha kwanza kile ulichonacho. Nimewahi kulikuta bakuli upya kwa kulitoa tu kwenye rafu nyeupe na kulisogeza kando ya ndimu.

Halafu kuna raha ya kuificha, ambayo naiweka juu ya zote. Kazini huenda kuna sare, au wewe mwenyewe si mtu wa kuvaa rangi zinazoita watu. Hakuna tatizo. Weka bitana ya zambarau ndani ya koti jeusi. Vaa soksi ambazo zitaonekana tu ukikaa. Tandika karatasi ya rangi yako ndani ya droo. Funga utepe mfupi kwenye kichwa cha zipu ya ndani ya mkoba. Kifungo cha shati kikikatika kishone kwa uzi wa zambarau: ukipitisha mara nne kwenye matundu, utapata msalaba mdogo ambao hakuna atakayeuona isipokuwa wewe unapofunga shati asubuhi. Shati hilo halitafanana tena na lolote. Naamini kabisa kwamba kitu kilichotengenezwa kwa mkono namna hii kinadumu moyoni kuliko kile kilichonunuliwa tayari.

Na vitu hivi vitunze. Jua ndilo adui mkuu wa rangi. Miale yake huvunjavunja kemikali zilizoipa nguo rangi, na zambarau nyingi huchuja bila usawa, wekundu ukitangulia kuondoka au buluu ikitangulia. Geuza nguo ndani nje, ifue kwa maji baridi, ianike kivulini. Mara ya kwanza ifue peke yake. Hata amethisti, kito cha zambarau kinachopata rangi yake kutokana na chuma na mionzi ya asili iliyokipiga kikiwa ardhini, kinaweza kufifia kikiachwa juani muda mrefu. Kama unacho kimoja kwenye pete, usikiache kwenye kingo ya dirisha.

Kwa siku ngumu, ninayo desturi ya kujidekeza kwa kutafuta badala ya kununua. Natoka kutembea na kazi moja tu: kuiona zambarau. Mwanzoni hakuna kitu. Baada ya muda mfupi jicho linaamka na vitu vinaanza kujitokeza: ua kwenye ufa wa ukuta, mwavuli wa mpita njia, kivuli cha jioni juu ya ukuta mweupe, mafuta yaliyotandaa juu ya dimbwi. Sipigi picha. Nikirudi naviandika vitatu au vinne kwa wino uleule, na mara nyingi siku huwa imekwisha kunilegezea mkono. Zoezi hili ni zuri zaidi kwa mtu ambaye rangi yake ni adimu. Wa kijani na wa buluu wajichagulie aina moja mahususi ya rangi yao, vinginevyo watarudi na orodha ya dunia nzima.

Watu watakuuliza kwa nini. Huna haja ya kujitetea, wala kutafuta maana ya rangi hiyo kwenye vitabu vya tabia za watu. Kupenda kunatosha. Ukishajulikana kuwa mtu wa rangi fulani, utaona marafiki wanaanza kukuletea: mtu ameona kibanio cha nywele, mwingine bahasha, akakukumbuka. Vipokee vyote, hata visivyolingana na aina ya rangi unayoipenda.

Nawe muulize mwenzako rangi yake. Kama anasema hana, mwekee mezani nyuzi za rangi kumi, mwombe akuchagulie mmoja wa kushonea kifungo, kisha mwachie uzi huo.